Mafundi wa Springfield na Darubini Zao

Mkulima hahitaji kuambiwa kwamba nyota zina faida. Tangu zamani za kale watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki wamekiangalia Kilimia ili wajue majira ya kulima na kupanda, na manahodha wa majahazi wameshika njia usiku kwa kuzitazama nyota, hali bahari ni giza tupu na nchi kavu haionekani. Kwa kazi hizo macho ya mwanadamu peke yake yametosha.

Lakini yako mambo ambayo macho matupu hayawezi kuyafikia. Pete zinazoizunguka Zohali, miezi minne mikubwa ya Mshtarii, milima na mashimo ya mwezi wetu: hayo hayaonekani vyema ila kwa darubini. Na darubini nzuri, kwa muda wa miaka mingi, ilikuwa chombo cha vyuo vikuu na cha watu wenye mali. Fundi wa kiwandani, karani au mkulima aliyetamani kuona, akisikia bei yake alinyamaza.

Mwaka 1920, katika mji mdogo mmoja wa Marekani, watu 16 hawakunyamaza. Walipoona kwamba hawawezi kununua darubini, waliazimu kujitengenezea kwa mikono yao. Habari zao zastahili kujulikana, kwa maana katika kazi yao ya jioni kilizaliwa chama kilichowafungulia njia watu wengi sana ambao hawakuwafahamu kwa sura wala kwa majina.

MJI WA MASHINI

Mji huo ni Springfield, katika jimbo la Vermont, upande wa kaskazini-mashariki wa Marekani. Ni nchi ya vilima na misitu, yenye baridi kali na theluji wakati wa kipupwe. Mto uitwao Black River hupita katikati ya mji na kuanguka kwa maporomoko, na nguvu za maji hayo ndizo zilizoendesha viwanda vya kwanza.

Viwanda vya Springfield havikutengeneza nguo wala sukari. Vilitengeneza mashini za kutengenezea mashini nyingine, hasa mashini za kukereza chuma. Kazi ya namna hiyo hutaka vipimo vya hakika kabisa, maana kosa dogo katika mashini mama huzaa makosa mengi katika watoto wake. Basi mji ulijaa watu waliozoea kupima chuma kwa sehemu ya elfu moja ya inchi, na kuona aibu ikiwa kipimo kimezidi au kimepungua.

Mkuu wa kiwanda kimoja kikubwa, Jones and Lamson, alikuwa Bwana James Hartness. Yeye alikuwa mvumbuzi mwenye akili nyingi, na baadaye, mwaka 1921 hadi 1923, alikuwa Gavana wa jimbo la Vermont. Bwana Hartness alizipenda nyota. Karibu na nyumba yake alijenga darubini ya lenzi yenye upana wa inchi 10, na kwa kuwa aliichukia baridi, aliifanya kwa namna ambayo mtazamaji hukaa ndani penye joto, na darubini peke yake hubaki nje. Tena alichimba njia chini ya ardhi kutoka nyumbani hadi kwenye darubini, asipate kukanyaga theluji usiku.

Chombo hicho kilikuwa cha ajabu, lakini kilikuwa chombo cha tajiri. Mafundi wa kiwanda chake wangeweza kukisifu, wasiweze kupata kama hicho.

MTU ALIYETOKA KWENYE BARAFU

Aliyeleta mabadiliko alikuwa Bwana Russell Porter. Alizaliwa Springfield mwaka 1871, akasomea kazi ya kuchora ramani za majengo, lakini moyo wake ukamvuta mbali. Kuanzia mwaka 1894 alisafiri mara kadhaa katika nchi za barafu za kaskazini. Katika safari moja, iliyoanza mwaka 1903, merikebu yao ilisagwa na barafu, na wasafiri walikaa huko mpaka mwaka 1905 ndipo walipookolewa. Katika safari hizo kazi yake ilikuwa pamoja na kuchora na kupima nchi, na mtu apimaye nchi isiyo na njia wala alama hana budi kuzitegemea nyota. Hivyo Bwana Porter alizijua nyota kama baharia azijuavyo, yaani kwa sababu ya haja.

Aliporudi alioa, akakaa katika kijiji cha Port Clyde, pwani ya jimbo la Maine, akijenga nyumba ndogo ndogo. Huko, kwa kutiwa moyo na rafiki yake Hartness, alianza kujifunza kusugua vioo vya darubini. Aliharibu, akarudia, akafahamu. Mwaka 1919 Hartness alimwita arudi Springfield afanye kazi katika kiwanda chake. Kazi waliyoifanya pamoja ilikuwa kutengeneza chombo cha kupimia parafujo: nuru hupitishwa kwenye meno ya parafujo, na kivuli chake hutupwa juu ya ukuta mweupe kikiwa kimekuzwa mara nyingi, hata kosa dogo likaonekana.

Hivyo alikuwako Springfield mtu ajuaye kutengeneza darubini, na walikuwako mafundi wenye mikono myepesi. Lililobaki ni kwamba mwenye ujuzi akubali kuugawa. Mafundi wengi wa dunia huificha siri ya kazi yao, wakihofu kwamba mwanafunzi atawanyang'anya riziki. Bwana Porter hakuwa na hofu hiyo.

DARASA LA WATU KUMI NA SITA

Tarehe 17 Agosti, 1920, darasa lilianza. Waliojiandikisha walikuwa wanaume 15 na mwanamke 1. Wengi wao walikuwa watumishi wa Jones and Lamson: mafundi wa mashini, wachoraji wa ramani za mashini, na wengineo wa kazi za namna hiyo. Elimu ya nyota hawakuwa nayo. Walikuwa na kazi zao za mchana, na muda waliokuwa nao ni ule ambao wengine hupumzika.

Darubini waliyofundishwa si ile ya lenzi kama ya Bwana Hartness. Lenzi njema hutaka vioo viwili vya aina mbalimbali, na nyuso nne za kusuguliwa. Darubini ya namna ya pili hutumia kioo kimoja kilichochimbwa kidogo mfano wa kisahani. Nuru ya nyota huingia katika bomba, hupiga kioo kilichoko mwisho wake, kisha hurudi ikikusanyika mahali pamoja. Uso wa kusuguliwa kwa uangalifu mkubwa ni mmoja tu. Kwa mtu mwenye fedha kidogo na subira nyingi, hiyo ndiyo darubini yake.

Mwaka 1921 Bwana Porter aliandika juu ya jambo hilo katika gazeti moja la elimu ya nyota, na kichwa cha habari yake, kwa Kiswahili, chaweza kusemwa kuwa “Darubini ya Maskini”.

KAZI YA KUSAGA

Namna ya kazi yenyewe mtu yeyote aliyewahi kuona mawe ya kusagia nafaka ataifahamu. Fundi huchukua vipande viwili vya kioo kinene vya mviringo, vyenye upana sawa, tuseme inchi 6. Kimoja hukiweka chini, juu ya pipa au meza imara, na cha pili hukiweka juu yake. Katikati hutia maji na mchanga mgumu wa kusagia, ule unaotumika kunolea chuma. Kisha hukisukuma kioo cha juu mbele na nyuma, akikigeuza kidogo kidogo, huku yeye mwenyewe akilizunguka pipa hatua kwa hatua.

Kwa kusuguana hivyo, kioo cha juu huchimbika katikati, na cha chini hubaki na tumbo. Hakuna mashini itakiwayo. Kule kuzunguka na kubadilisha upande kila mara ndiko kunakosawazisha kazi, kwa sababu kosa la upande mmoja huondolewa na upande mwingine. Kioo cha inchi 6 huchimbwa kidogo sana, labda sehemu 1 tu ya 20 ya inchi, hata mtu akikitazama kwa haraka hudhani ni bapa.

Baada ya mchanga wa kwanza hufuata mwembamba zaidi, na mwembamba zaidi ya huo, mpaka uso wa kioo uwe laini kama ganda la yai. Kila mara kabla ya kubadili mchanga, fundi hana budi kuosha kila kitu: kioo, meza, mikono na nguo. Chembe moja ya mchanga mkubwa ikibaki itachora mstari, na kazi ya siku nyingi itarudi nyuma. Mwisho hutandaza lami juu ya kile kioo cha chini, huiweka unga mwekundu wa kutu ya chuma, na kwa huo hung'arisha kioo cha juu saa baada ya saa hadi king'ae kabisa.

Mtu asiyejua angedhani kazi imekwisha. Kwa kweli sehemu iliyo ngumu ndiyo kwanza inaanza.

MTIHANI WA WEMBE

Mafundi wa Springfield walijivunia sehemu ya elfu moja ya inchi. Bwana Porter aliwaonyesha kwamba katika kazi hii kipimo hicho ni kikubwa mno. Kioo cha darubini, ili kikusanye nuru ya nyota mahali pamoja barabara, hakina ruhusa ya kukosea zaidi ya sehemu chache za milioni moja za inchi. Hakuna rula wala chombo chochote cha chuma katika kiwanda kilichoweza kupima udogo wa namna hiyo.

Kipimo chao kilikuwa nuru yenyewe. Namna hiyo ya kupima ilivumbuliwa na Mfaransa Léon Foucault karibu na mwaka 1858, nayo hutaka vitu ambavyo maskini aweza kuvipata: taa, kipande cha bati lenye tundu dogo kama la sindano, na wembe. Taa huwekwa nyuma ya tundu, mbele ya kioo, mbali kiasi kinachotakiwa. Nuru hutoka tunduni, hupiga kioo, hurudi na kukusanyika karibu na pale ilipotoka. Fundi huweka jicho lake hapo, kisha huusogeza wembe polepole ili ukate ile nuru inayorudi.

Wakati huo uso wa kioo hubadilika mbele ya macho yake. Palipoonekana kuwa laini sasa huonekana vilima na mabonde, kama nchi inayotazamwa jua linapochwa na vivuli vimekuwa virefu. Mtu akigusa kioo kwa kidole gumba kwa muda kidogo tu, kisha akitazama tena, ataona kilima kimetokea mahali pale, kwa sababu joto la kidole limekivimbisha kioo. Kilima hicho kitazama chenyewe kioo kikipoa. Hapo mwanafunzi hufahamu ni udogo gani anaoshughulika nao.

Mtihani wenyewe ni huu. Kusuguana kwa vioo viwili hufanya umbo la sehemu ya mpira, lakini umbo la mpira halitoshi kwa nyota. Katikati hapana budi pachimbwe kidogo zaidi, kwa kuzidisha mapigo ya namna fulani juu ya lami. Akiacha mapema mno, nyota zitaonekana kama zimefunikwa na ukungu. Akizidisha, kioo kimepita kiasi, naye hana dawa ila kukirudisha katika umbo la mpira na kuanza tena. Dakika chache za pupa zaweza kupoteza kazi ya majuma.

Darasa lile lilivumilia. Kioo kilichofaulu kilipakwa utando mwembamba wa fedha kwa njia ya dawa, kikatiwa katika bomba, na mafundi ambao kwa maisha yao yote walifanya kazi kwa ajili ya viwanda vya watu wengine wakauona mwezi kwa chombo chao wenyewe.

NYUMBA JUU YA KILIMA

Darasa lilipokwisha, watu hawakutaka kutawanyika. Waliendelea kukutana, na tarehe 7 Desemba, 1923, walifanya chama rasmi kwa jina la Springfield Telescope Makers, yaani Watengenezaji wa Darubini wa Springfield. Bwana Porter alichaguliwa kuwa rais wa kwanza. Neno la kutazamwa katika jina hilo ni “watengenezaji”. Hawakujiita watazamaji wa nyota, wala wapenzi wa nyota. Walitaka mtu aingie chamani kwa kazi ya mikono yake.

Taa za mji na moshi wa viwanda huzuia nyota, kwa hiyo chama kilitaka mahali pa giza. Bwana Porter alikuwa na shamba juu ya kilima kiitwacho Breezy Hill, nje ya mji, penye upepo na mwamba mtupu. Katika miaka ya 1923 na 1924 wanachama walijenga nyumba yao hapo kwa ramani aliyoichora yeye. Ilikuwa nyumba ya mbao, yenye jiko la kuotea moto na mahali pa kulala juu, nayo ikapakwa rangi ya waridi. Chini ya paa lake yaliandikwa maneno ya kwanza ya Zaburi ya 19, yasemayo habari za mbingu na utukufu wa Mungu. Nyumba waliiita Stellafane, jina lililotokana na Kilatini, maana yake ni mahali patakatifu pa nyota.

MGENI KUTOKA NEW YORK

Huenda habari zao zingaliishia kilimani pale, kama si gazeti. Bwana Albert Ingalls alikuwa mmoja wa wahariri wa Scientific American, gazeti la elimu lililopigwa chapa New York. Alikuwa amesoma maandishi ya Bwana Porter juu ya darubini ya maskini, na yeye mwenyewe alitaka kujua kazi hiyo. Mwaka 1925 alifunga safari hadi Springfield, akaiona nyumba ya kilimani, akakaa na mafundi, akatazama kwa darubini zao.

Katika toleo la Novemba, 1925, alichapisha habari zao. Mamia ya wasomaji waliandika kutaka kuelezwa jinsi ya kufanya. Ilikuwa dhahiri kwamba shauku iliyokuwa Springfield ilikuwako pia katika miji na mashamba mengine mengi, ila watu walikosa mwalimu.

Chama kingaliweza kuuza maarifa yake kwa bei, au kuyafungia ndani ya nyumba ile ya waridi. Badala yake Bwana Porter aliandika maelezo hatua kwa hatua, pamoja na picha alizozichora kwa mkono wake, nayo yakachapishwa gazetini mapema mwaka 1926. Mwaka huo huo Bwana Ingalls alitoa kitabu juu ya kazi hiyo, Amateur Telescope Making. Kwa miaka mingi baadaye, mpaka katikati ya miaka ya 1950, aliendelea kuandika gazetini habari za watengenezaji wa darubini. Mtu aliyekaa peke yake shambani, asiye na chama wala fundi karibu naye, aliweza kupata mafunzo ya Springfield kwa posta.

Tarehe 3 na 4 Julai, 1926, mkutano wa kwanza ulifanyika Stellafane. Walikuja watengenezaji kama 20 hivi, wakichukua darubini walizozifanya wenyewe. Mchana walizikagua kazi za wenzao, na usiku walitazama mbingu. Idadi hiyo ni ndogo, lakini ndiyo iliyoweka desturi.

CHAMA CHAJARIBIWA

Vyama vingi huanza kwa mtu mmoja mwenye bidii, na mtu huyo akiondoka, chama hulala. Jaribu hilo liliwajia watu wa Springfield mwaka 1928. Huko California mtaalamu mkubwa wa nyota, George Ellery Hale, alikuwa amepata fedha za kujenga darubini ambayo mfano wake haujapata kuonekana, yenye kioo cha upana wa inchi 200. Alihitaji mtu ajuaye kuchora, ajuaye mashini, na ajuaye vioo. Alimwita Porter.

Bwana Porter alikuwa na umri wa miaka karibu 57, wala hakuwa na shahada ya elimu ya nyota. Alikwenda Pasadena, na michoro yake ya darubini hiyo, inayoonyesha sehemu za ndani kana kwamba chuma kimekatwa kwa kisu, ingali ikistaajabiwa hata leo. Kioo chenyewe kilimiminwa mwaka 1934, kikasuguliwa kwa miaka mingi, kazi ikasimamishwa wakati wa vita, na darubini ilifunguliwa rasmi mlimani Palomar tarehe 3 Juni, 1948. Mwalimu wa darasa la watu 16 alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuisanifu darubini iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani kwa wakati wake. Alifariki mwaka uliofuata, 1949.

Na chama je? Hakikulala. Mwaka 1930 wanachama walimaliza darubini ya saruji juu ya kilima, kwa ramani ya Bwana Porter. Mtazamaji hukaa ndani penye kinga ya baridi, na kuba zima hugeuka pamoja na darubini. Wazo hilo la kukaa ndani lilikuwa la Bwana Hartness, lakini chombo hiki kilikuwa cha chama kizima. Yaliyokuwa anasa ya mkuu wa kiwanda miaka 20 kabla yake, mafundi sasa walikuwa nayo wao kwa wao.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili darubini ziliwekwa kando, lakini ujuzi haukuwekwa kando. Jeshi la Marekani lilihitaji sana vipande vya kioo vya kutia katika vyombo vya kulengea shabaha, na viwanda havikutosha. Watengenezaji wa darubini waliojifunza kwa kujifurahisha, wengi wao kwa maandishi ya Porter na Ingalls, walionekana kuwa na mikono iliyotakiwa, wakavitengeneza nyumbani kwao. Vita vilipokwisha, watu walirudi kilimani.

YALIYOBAKI

Leo viwanda vikubwa vilivyoijengea Springfield jina vimefungwa. Jones and Lamson haipo tena. Mashini zilizokuwa fahari ya mji zilishindwa na nyingine mpya zaidi, na mafundi waliozijua wamezeeka au wamekufa.

Nyumba ya waridi ingalipo. Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliitangaza Stellafane kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa. Mkutano ulioanza na watu 20 umeendelea kufanyika karibu kila kiangazi, na watu hupanda kilima kutoka majimbo mengi, wengine na watoto wao, wakiwa na darubini za mbao, za bati na za kila namna. Mpaka sasa waamuzi huzipima darubini zilizotengenezwa kwa mkono na kuwapa tuzo waliofanya vizuri, na mpaka sasa hufundishwa kazi ya kusugua kioo kwa mchanga, maji na subira. Siku hizi darubini hununuliwa dukani kwa bei ambayo watu wengi wa Marekani waiweza, lakini hata hivyo wako wanaopenda kulizunguka pipa.

Juu ya mwezi, karibu na shimo kubwa liitwalo Clavius, liko shimo lililopewa jina la Porter. Kwa macho matupu halionekani. Atakaye kuliona sharti apate darubini, na ile ya inchi 6 yenye kioo kilichosuguliwa vyema yatosha.